Jinsi ya Kuupima Ushauri Anaopewa Fundi na Msanii kabla ya Kuutia Kazini

Mwenye karakana mjini Lamu hufanya kazi mlango ukiwa wazi, kwa sababu ya joto na kwa sababu ya mwangaza, na kila apitaye Usita wa Mui, awe anatoka sokoni au anakwenda kuswali, husimama kidogo, akatizama nyundo inavyoshuka juu ya patasi, kisha akatoa shauri lake na kwenda zake. Katika miaka niliyokaa juu ya kigoda changu huko Langoni nikinakshi milango, makasha na fremu, na jioni nikichora kwa rangi, nimeshauriwa na wauza samaki, mabaharia, wageni wa siku mbili na jamaa zangu wa damu, na karibu wote walinitakia heri. Nalisema hili mapema kwa kuwa sikusudii kuwasuta washauri. Nakusudia kumwonyesha kijana anayeanza ufundi wa mikono, au aliyekwisha kuanza na anayumba, namna ya kulitambua shauri litakalomfaa na lile litakalompotezea msimu mzima, maana yapo mashauri niliyoyafuata mimi kwa adabu tu, kwa kuwa msemaji alikuwa mkubwa wangu, na gharama yake nikailipa peke yangu.

Anza na swali moja, ambalo utajiuliza kila unapopewa shauri lolote kuhusu kazi yako: kesho asubuhi, nikishaketi na ubao mbele yangu, mkono wangu utafanya nini ambacho leo haukukifanya? Ukikosa jibu, ulichopewa ni salamu njema, na salamu hupokewa kwa shukrani bila ya mtu kubadili mwendo wake.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa waridi la kuchonga katikati ya ubao wa mbambakofi, na kila nilipofika kwenye jani la upande wa kulia, ukingo wake ulibanduka kama ganda la ndizi. Siku hiyo nilipata mashauri matatu. Mgeni mmoja aliniambia niweke moyo zaidi katika kazi. Jirani alisema ufundi ni subira. Fundi wangu hakuja hata karibu, alikuwa ameketi upande wa pili akitia makali patasi yake juu ya kinoo, akaniambia kwa Kiamu chake, "Mkono wenda mbio, mato hayayafika. Geuza ubao," yaani mkono umekimbia na macho hayajafika. Nikaugeuza ubao, nikaona kwamba kwa nusu saa nilikuwa nikikata kinyume cha nyuzi za mti, na kwamba upande ule mti wenyewe hukataa kukatwa kutoka juu kuja chini. Jani lililofuata lilitoka safi. Mgeni na jirani hawakusema uongo wowote, lakini mimi moyo nilikuwa nao na subira nilikuwa nayo. Kilichokosekana kilikuwa kuugeuza ubao.

Swali la pili ni la kuuliza asili ya shauri: hili lilikuwa jibu la swali la nani? Mashauri mengi mabaya yalikuwa mazuri mahali yalikozaliwa. Mwenye duka akikuambia upunguze bei, amejibu swali lake la namna ya kuiondoa bidhaa rafuni kabla ya masika, na wala hakukudanganya. Mzazi akikuambia utafute kazi ya mshahara, amejibu swali la usingizi wake usiku. Ukilijua swali, unaweza kulichukua jibu likiwa na kipimo chake, na mara nyingine utaona kwamba swali hilo nawe unalo, kwa hiyo shauri linakuhusu. Nitayapitia sasa yale ambayo huku kwetu huyasikia kila mtu, na katika kila moja nitaeleza la kufanya badala yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza

Hili ni la kwanza kwa sababu limevaa vazi la methali, na mtu wetu akishasikia methali hunyamaza. Wenyewe walipoitunga walikuwa na maana yake, nayo ni kumwonya mtu asijinadi kwa sifa asizokuwa nazo. Lakini fundi akiambiwa hivyo huielewa kwa njia nyingine: kwamba akikaa na kufanya kazi nzuri, wanunuzi watakuja wenyewe, na kwamba akitoka kuwatafuta amekiri kuwa kazi yake ni mbovu. Nimemwona fundi hodari, aliyekuwa akichonga mfaa wa mlango, ule ubao wa katikati mbao mbili zinapokutana, ukatamani kuushika, akiketi mwaka mzima na makasha sita juu ya kabati kwa kuwa aliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba yanauzwa.

Watu hupenda kumtaja Mholanzi Vincent van Gogh, na humtaja kwa namna ya kupotosha, kwamba aliishi fukara kisha kazi zake zikajiuza zenyewe kwa uzuri wake. Yaliyotokea ni haya. Mwanzoni mwa 1890 mchoro wake wa shamba la mizabibu ulinunuliwa huko Brussels na mchoraji mwenziwe, Anna Boch, kwa faranga 400. Julai ya mwaka uo huo akafariki, na ndugu yake Theo, aliyekuwa akimkimu kwa fedha na rangi, akamfuata Januari 1891. Michoro kwa mamia ikabaki mikononi mwa mjane wa Theo, Johanna van Gogh-Bonger, aliyekuwa na mtoto mchanga, na ambaye wapo waliomwona hana lake katika mambo hayo. Mama huyu alifungua nyumba ya kupangisha wageni, akaiazimisha michoro kwa maonyesho mwaka baada ya mwaka, akauza mingine kwa wakati wake na mingine akaizuia, akazichapisha barua za Vincent mnamo 1914, na mwaka 1924 akakubali kuuza mchoro wa alizeti kwa National Gallery ya London. Alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Kizuri kile kilitembezwa, tena kilitembezwa na mtu mwenye akili na daftari.

Basi fanya hivi. Kila kazi ikimalizika, ipige picha kabla haijatoka, asubuhi, nje ya mlango, kwenye kivuli cha ukuta wa chokaa, kwa maana jua la mchana hufuta kina cha nakshi na taa ya ndani huipa mbao rangi isiyo yake. Piga ya kwanza kazi ikionekana nzima, ya pili kwa karibu kwenye pembe iliyo ngumu zaidi, na ya tatu mtu akiwa kando ili ukubwa ujulikane. Andika katika daftari jina la mnunuzi, mji wake, alichonunua na alichokitazama asikinunue. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokuambia la kutengeneza baadaye. Kabla ya Desemba, kaskazi inapoanza kuvuma na nyumba za wageni za Shela na za mjini zinapojaa, wapelekee wenye nyumba hizo picha tatu, si thelathini. Tena weka kipande kimoja mlangoni ambacho hakiuzwi, kilicho bora kuliko vyote ulivyowahi kuvifanya, ili mpita njia akiuliza bei yake ujue kwamba mazungumzo yameanza.

Chonga wanachonunua wageni

Shauri hili hutolewa na watu wenye macho, kwa hivyo usilidharau. Ni kweli kwamba jahazi yenye tanga na punda aliyesimama mbele ya mlango wa nakshi hununuliwa haraka kuliko kitu kingine chochote nitakachokichora. Tatizo halipo kwenye punda. Lipo kwenye neno lisilosemwa, yaani kwamba wageni watakuwapo daima. Juni 2014 yalipotokea mashambulizi ya Mpeketoni, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, mji ulikauka wageni. 2020 korona ikaufunga tena. Mafundi niliowaona wakiendelea kula katika nyakati hizo mbili ni wale waliokuwa na mlango wa nyumba ya mtu wa Mombasa, au samani za harusi, au kiti cha enzi kilichoagizwa Nairobi. Waliobaki na punda thelathini ukutani walianza kuwauza kwa bei ya rangi.

Namna yangu ya kulifuata shauri hili ni kuligawa. Katika wiki ya siku sita, siku mbili nafanya vidogo vya wageni, vile visivyozidi uzito wa begi la ndege, na navifanya vizuri, kwa kuwa mgeni naye ana haki ya kitu kizuri. Siku tatu ni za kazi za watu wa hapa na wa pwani. Siku moja ni ya kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Hesabu hii haikushuka kutoka mbinguni, na mwenye watoto watano huenda akaigeuza. Ninachosisitiza ni kwamba siku ile moja iwe na jina lake katika wiki, maana isipokuwa na jina italiwa na punda. Mteja wangu mkubwa kuliko wote alikuja kwa sababu ya ubao wa siku hiyo, ambao nilikuwa nimeuegemeza ukutani bila ya kusudi la kuuza.

Jambo jingine wanaolitoa shauri hili hulisahau. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba za mawe hazikarabatiwi bila ya milango, vidaka na boriti. Soko la fundi aliyejifunza kusoma mlango wa zamani, akatambua mwimo ulivyooza chini na kuutengeneza bila ya kuuharibu uliobaki, halitegemei ndege kutua Manda.

Fanya bure, utajulikana

Mwenye nyumba moja ya wageni, ambayo siitaji, aliniomba nimchoree ukuta wa ua wake bila malipo, akisema wageni wake wote watauona na kuniulizia. Nilinunua rangi kwa fedha yangu, nikafanya kazi siku kumi na moja. Katika miaka mitatu iliyofuata hakuna hata mtu mmoja aliyefika karakana yangu akisema ametokea ukuta ule, na jina langu halikuandikwa popote. Mwishowe ukuta ukapakwa chokaa, nami nikapata habari kutoka kwa mpaka chokaa, ambaye alikuwa amelipwa.

Tangu siku hiyo nina masharti, na nayatoa kama yalivyo. Anayetaka kazi ya bure atanunua vifaa vyote. Jina langu na namba yangu ya simu vitawekwa kwenye kibao kando ya kazi, kibao nitakachokitengeneza mimi. Kazi itakuwa na ukubwa uliopimwa na siku zilizohesabiwa, na tutaandikiana. Nitapiga picha na kuzitumia nitakavyo. Wengi wakisikia masharti hayo hukumbuka ghafla kwamba wana fedha kidogo. Sadaka ni jambo jingine kabisa: ukichonga mimbari ya msikiti au ubao wa madrasa kwa ajili ya Mola wako, hilo halina sharti wala kibao, na asikuchanganyie mtu mambo hayo mawili.

Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi

Methali nyingine, nayo hutolewa na mnunuzi, mkono ukiwa tayari mfukoni. Ni shauri zuri kwa anayejua kwamba kumi yake ni kumi. Mafundi wengi hawajui. Hutaja bei kwa kumtazama mteja usoni, kisha hushuka kwa kutazama jua linavyozama, na mwisho wa mwezi hushangaa kwamba aliuza vitu vingi na hana kitu.

Chukua kasha dogo la vito, la ukubwa wa kitabu, lenye nakshi juu na mbele. Tuseme ubao umenigharimu shilingi 1,800, na msasa, gundi, bawaba na polishi shilingi 400. Limenichukua siku nne, na siku yangu nimeipa thamani ya shilingi 1,500, ambayo ni 6,000. Kodi ya karakana na uchakavu wa zana nazihesabu 600 kwa kazi kama hii. Jumla ni shilingi 8,800. Hiyo ndiyo sakafu, na chini yake nakuwa nalipa mimi ili mtu alichukue kasha langu. Nikilipeleka dukani kwa mtu anayebakiza theluthi ya bei, kibandiko hakiwezi kupungua shilingi 13,200, ili theluthi mbili zinirudie 8,800. Likienda Mombasa, naongeza hamali wa kulifikisha gatini, nauli ya boti hadi Mokowe na ya gari kutoka hapo. Na mlangoni kwangu siuzi kwa bei iliyo chini mno ya ile ya dukani, kwa sababu mgeni atakayelijua hilo jioni ataniharibia na mwenye duka asubuhi.

Mtu akishaijua sakafu yake, kupatana bei hakumuumizi tena. Anaweza kushuka kutoka kumi na sita hadi kumi na nne huku akicheka, kama desturi yetu inavyotaka, na anaweza kusema hapana bila ya kukasirika. Mteja akikuambia ni ghali, usianze kumweleza shida zako za nyumbani. Mwonyeshe kasha lisilo na nakshi mbele, lililochukua siku mbili, na umwache achague.

Yako mashauri ya bei yanayokwenda upande wa pili, kwamba upandishe mara tatu ili uheshimiwe. Hayo nayo mimi huyaingiza kwenye hesabu ileile, na aghalabu hayasimami.

Ama kipaji, ama saa elfu kumi

Wapo wasemao fundi huzaliwa, na wapo wasemao mtu yeyote akitimiza saa 10,000 huwa bingwa. La kwanza humvunja moyo anayechelewa, na humharibu aliyesifiwa mapema. La pili lina chembe ya utafiti ndani yake, ila chembe yenyewe imegeuzwa. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa fidla huko Berlin, wakaona kwamba wale bora kabisa, walipofika umri wa miaka 20, walikuwa wamefanya mazoezi ya peke yao kwa saa zinazokaribia 10,000 kwa wastani. Wastani una waliozidi na waliopungua, na wala haukuwa mstari wa kuvuka. Zaidi ya hapo, mazoezi waliyoyazungumzia yalikuwa ya kukusudia kasoro mahususi, mara nyingi iliyoonyeshwa na mwalimu, na kuirudia mpaka iondoke.

Katika ufundi wetu tofauti hiyo huonekana kwa macho. Mtu aweza kuchonga mpaka wa mnyororo miaka kumi, na pete ya mwisho ikawa na kosa lilelile la pete ya kwanza, kwa kuwa mkono umelizoea. La kufanya ni kuweka kando vipande vya mabaki ya mbao na kila asubuhi, kabla ya kazi ya mteja, kuchonga kitu kimoja tu ambacho kinakushinda: upindo wa jani, au mahali mistari miwili inapokutana, au herufi ya ʿayn inapoinama. Mara ishirini. Viandike tarehe nyuma, vipange, na baada ya mwezi vitazame kwa pamoja. Mimi huchoma vyote isipokuwa cha kwanza na cha mwisho.

Na wale wanaokuambia ungoje ilhamu, waulize kama mjenzi wa jahazi kule Matondoni huingoja.

Mshika mbili moja humponyoka

Mji huu ungepaswa kuwa wa mwisho kulitoa shauri hili. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa Lamu karibu na 1855 na kufariki 1945, alikuwa mshairi, mchonga nakshi, mwandishi wa hati nzuri ya Kiarabu, mpiga muziki, na mnakili wa miswada ambayo wataalamu wa Ulaya waliipata kwake na kuipeleka makwao. Na mpaka leo upo mtindo wa milango unaoitwa kwa jina lake. Ukiitazama milango ya namna hiyo, yenye maandishi juu ya kizingiti, huwezi kusema wapi mwandishi wa hati aliishia na wapi mchongaji alianza. Kazi moja iliilisha nyingine.

Hata hivyo sitamwambia kila kijana ashike matano, kwa kuwa hilo nalo litakuwa shauri la kumwambia mtu bila ya kumwona. Jiulize kama kazi ya pili inaiba saa za ya kwanza au inaipa kitu. Uchoraji wangu wa jioni ulinifunza kivuli, na kivuli ndicho kinachoniambia nakshi ichimbwe kwa kina gani ili ionekane katika ukumbi wenye mwanga mdogo; kwa hiyo nimeubakisha. Duka la simu nililolifungua kwa shauri la shemeji yangu lilinifunza kukaa macho usiku, nalo nimelifunga.

Usiige, na usionyeshe kazi yako wataiiba

Haya mawili husemwa pamoja, na mara nyingi na mtu yuleyule. La kwanza limetoka mahali ambapo mwanafunzi husifiwa kwa kuwa na mtindo wake kabla hajaijua mitindo ya watu. Katika karakana za Lamu mtu huanza kwa kupiga msasa na kunoa, kisha hupewa mapambo yaliyochongwa na waliokuja kabla yake, akayanakili mpaka mkono uyashike kama ulimi unavyoshika sura alizozihifadhi chuoni. Nakili, basi, bila ya haya. Nakili kutoka kwenye milango yenyewe, kwa kuweka karatasi juu ya nakshi na kusugua mkaa, ukishamwomba mwenye nyumba ruhusa. Ila usiuze kama yako kazi ambayo fundi aliye hai ameibuni, na ukiuza nakala ya mlango wa kale, sema ni nakala.

Kuhusu wizi, sheria haiko mbali kama watu wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, na ulinzi huo hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kupata haki, ila kunasaidia kuithibitisha mkigombana. Mapambo ya jadi, yale ambayo hakuna ajuaye aliyeyachora kwanza, ni ya jamii, na yana sheria yake ya 2016. Huwezi kumzuia jirani yako asichonge waridi. Kilicho chako ni namna ulivyolipanga waridi lile katika ubao ule. Kwa hiyo onyesha kazi, uwe na picha zenye tarehe na michoro ya mwanzo katika jalada, na anayeagiza kazi kubwa muandikiane kama anaruhusiwa kuichapa kwenye fulana na kadi, maana kuununua mchoro si kuinunua haki ya kuuchapa.

Namna ya kuomba ushauri unaofaa

Mtu aliyechoshwa na mashauri mabovu huja akaacha kusikiliza kabisa, na hapo hukosa lile moja la kuugeuza ubao. Afadhali ajifunze kuuliza. Ukimwonyesha mtu kazi na kumwuliza, "Waionaje?", atakuambia mashallah, naye amefanya adabu yake. Uliza jambo dogo linalojibika. Mwulize baharia kama kamba za tanga ulizochora zingeweza kuivuta foromali, ule mti unaobeba tanga, kweli. Atakusahihisha kwa furaha na kwa usahihi ambao hutaupata kwa mchoraji. Mwulize mama anayehifadhi vito vyake kama kifuniko cha kasha kinafunguka vizuri kwa mkono mmoja. Fundi mkubwa mwendee baada ya Alasiri, si asubuhi anapopima mbao, na umpelekee kazi ambayo haijakwisha, kwa kuwa iliyokwisha hataitia kasoro mbele yako.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kijana wa Mkomani na kibao chake amekifunga kwenye kanga ya mamake. Akakifungua, akasimama kimya. Nilimwuliza anataka nimwambie nini. Akasema, "Ami, jani hili la tatu kutoka kushoto. Mengine yako sawa, hili laonekana limekufa, nami sijui kwa nini." Nikakipeleka kibao mlangoni, nikakilaza ubavu ili mwanga upite juu yake. Mshipa wa katikati wa jani lile alikuwa ameukata kwa kina sawasawa kutoka shinani hadi nchani, ilhali katika majani mengine ulikuwa ukipanda kadiri unavyokaribia ncha. Nilimpa patasi nyembamba, nikamwonyesha kwa ukucha mahali pa kuanzia, na akaketi chini palepale kizingitini akaanza kukata, huku wapita njia wakimwambia hili na lile.